Mashine Imesema "Kawaida". Kwani Iliulizwa Nini?

Nimekuwa kimya kwa miezi kadhaa, na wengine wenu mmeniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeitupa hii blogu. Sijaitupa. Nilikuwa nyumbani Nyacheki nikimuuguza ami yangu, na nimerudi na hasira. Kwa hivyo kama umekuja kutafuta ile makala ya hifadhidata niliyoahidi, samahani, itangoja. Leo nataka tuzungumze kuhusu programu ndogo inayokaa ndani ya mashine ya ECG, ile ya kupima umeme wa moyo, na kuhusu neno moja ambalo programu hiyo huchapisha juu ya karatasi: "kawaida".

Niseme mapema kabla hamjaniruka: mimi si daktari. Nina digrii ya sayansi ya kompyuta na kazi yangu ni kuandika programu. Lakini hilo neno halikuandikwa na daktari. Liliandikwa na mtu kama mimi, ameketi mbele ya tarakilishi na kikombe cha chai, akaandika sharti la "ikiwa hivi, chapisha vile". Basi nina haki ya kulijadili.

Kwanza kisa.

Ami yangu ana miaka 61. Ni mkulima wa majani chai, amepanda na kushuka vilima vya Bobasi tangu utotoni, na hajawahi kuvuta sigara. Asubuhi moja akiwa amebeba gunia la majani kwenda kituo cha kununulia, kifua kilimbana. Anasema ni kama mtu alimwekea jiwe la kusagia wimbi kifuani na kulikalia. Jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Vijana wakampakia kwenye Probox hadi kliniki moja ambayo sitaitaja. Na kusema kweli, kliniki hiyo ilifanya jambo ambalo nyingi hazifanyi: ilikuwa na mashine ya ECG na ikaitumia mara moja. Karatasi ikatoka. Juu kabisa, kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, ikasema mdundo ni wa kawaida na ECG ni ya kawaida. Mhudumu akasoma mstari huo. Akamwambia ami ni asidi ya tumbo, akampa tembe za kutafuna na kumrudisha nyumbani.

Siku ya tatu ami alishindwa kupumua akilala chali. Alipofikishwa Kisii mjini, walimpima moyo kwa mawimbi ya sauti wakakuta ukuta wa mbele hausukumi. Moyo wenye afya husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyo katika chumba chake kikubwa kila unapopiga. Wa ami unasukuma asilimia 35. Yuko hai, tunamshukuru Mungu. Lakini gunia habebi tena, na kutoka mlangoni hadi barabarani hupumzika mara mbili.

Ile karatasi ya kwanza ilikuwa bado nyumbani ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na risiti. Niliipiga picha nikamtumia rafiki yangu niliyesoma naye shule ya upili, ambaye siku hizi ni daktari. Alijibu baada ya dakika mbili: "Ndugu yangu, hii si kawaida hata kidogo. Tazama V2 hadi V4. Hayo mawimbi ya T ni mnene kuliko mapigo yenyewe. Mshipa wa mbele ulikuwa umeziba au unaziba." Nikamuuliza, mbona mashine haikuona? Akasema, "Iliona. Ilipima milimita moja na nusu. Ilikuwa inangoja mbili."

Inangoja mbili! Hapo ndipo usingizi uliponiruka.

Haya, tuelezane jinsi mashine inavyofanya kazi. Mgonjwa hubandikwa vibandiko kumi, na kutokana na hivyo mashine hupata pembe kumi na mbili za kuutazama moyo. Sita ni za mikono na miguu (mojawapo inaitwa aVL) na sita ni za kifuani, V1 hadi V6. Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, na milimita 10 kwenda juu ni sawa na milivolti moja. Kanuni hii ya kuchora umeme wa moyo ndiyo iliyompa Mholanzi Willem Einthoven tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kila pigo lina mchoro wake: mlima mdogo wa P, kisha mwiba mkali wa QRS, kisha kipande tambarare kinachoitwa ST, kisha mlima wa T. Mshipa wa moyo ukiziba, sehemu ya mwisho ndiyo inayobadilika, yaani ST na T.

Programu hupima urefu wa vitu hivi na kuulinganisha na mipaka iliyowekwa. Kila kampuni ina kanuni zake na huzificha, lakini mpaka mkuu unajulikana, umechapishwa hata katika maafikiano ya kimataifa ya mwaka 2018 kuhusu maana ya mshtuko wa moyo. ST iwe imepanda angalau milimita 1 katika pembe mbili jirani. Kwa V2 na V3, iwe milimita 2 kwa mwanamume wa miaka 40 na zaidi, 2.5 kwa mwanamume aliye chini ya hapo, na 1.5 kwa mwanamke. Ukifika hapo unaitwa STEMI na watu wanakimbia. Usipofika, hukimbiliwi.

Mpaka huu ulitoka wapi? Mwaka 1994 watafiti walijumlisha majaribio makubwa tisa ya dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, yenye wagonjwa wapatao 58,600. Waliona kwamba waliofaidika zaidi ni wale ambao ST yao ilikuwa imepanda. Matokeo mazuri, yameokoa watu wengi. Lakini swali la majaribio yale lilikuwa "nani afaidike na dawa?" Miaka ilivyosonga, jibu la swali hilo likageuzwa kuwa jibu la swali jingine: "mshipa wa nani umeziba?" Hayo ni maswali mawili. Sisi watu wa programu tunajua shida ya kuchukua kazi iliyoandikwa kwa shughuli moja na kuiita mahali pengine kwa sababu tu jina lake linafanana.

Na kuna ubaya mwingine mkubwa zaidi. Mgonjwa asiyefika milimita mbili huandikwa NSTEMI, yaani mshtuko wa moyo usio na ST iliyopanda, na akiwa na bahati huchunguzwa mishipa kesho au kesho kutwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya wagonjwa zaidi ya 40,000 wa aina hii, ulikuta kwamba mmoja katika kila wanne mshipa wake ulikuwa umeziba kabisa. Kabisa! Lakini faili yake hufungwa ikiwa bado imeandikwa NSTEMI. Hakuna anayeandika "tulikosea". Sheria ilisema si STEMI, na kweli hakuwa STEMI kwa mujibu wa sheria.

Wale mnaoandika programu mnalijua jaribio bovu kuliko yote: lile linalopata "jibu sahihi" kwa kuiita kazi ileile inayojaribiwa. Hupita kila siku, taa ya kijani inawaka, na programu inaendelea kuoza. Hivi ndivyo kigezo cha STEMI kilivyojipima chenyewe kwa miaka mingi. Mwaka 2018 madaktari watatu wa Marekani, Pendell Meyers, Scott Weingart na Stephen Smith, walisema wazi kwamba tuache kuuliza kama ST imefika kiwango na tuulize kama mshipa umeziba. Walipendekeza jina jipya, OMI, yaani mshtuko unaotokana na kuziba. Mimi naona walichofanya ni kusahihisha jaribio bovu.

Sasa mtaniuliza, hizo dalili nyingine zikoje? Nitataja chache nilizofundishwa na rafiki yangu, si ili ukamsomee jirani ECG, ila uone kwamba zinajulikana na zina tarehe.

1. Mawimbi ya T ya mapema. Mshipa ukianza kuziba, T huvimba kabla ST haijapanda vya kutosha. Haihesabiwi kwa urefu peke yake. Unailinganisha na QRS yake yenyewe: QRS ndogo yenye T kubwa, pana na nzito ni hatari hata kama kwa milimita si ndefu. Hii ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi ya ami.

2. Mchoro wa de Winter. Mwaka 2008 Robbert de Winter na wenzake wa Amsterdam walieleza wagonjwa ambao ST yao ya kifuani huanza chini ya mstari, kisha hupanda moja kwa moja hadi kwenye T ndefu. Mshipa mkubwa wa mbele umeziba, na ST wala haijapanda. Walikuwa 30 kati ya wagonjwa 1,532 wa mshtuko wa ukuta wa mbele, yaani wawili katika kila mia.

3. Ukuta wa nyuma. Vibandiko vyote vya kifuani viko mbele, kwa hivyo mshtuko wa nyuma huonekana kinyume, kama ST iliyoshuka katika V1 hadi V4. Ukihamisha vibandiko mgongoni (huitwa V7 hadi V9), nusu milimita ya kupanda inatosha. Kazi ya dakika mbili, na mashine ni ileile.

4. aVL inayolalamika. Ukuta wa chini ukianza kuziba, kupanda kwa ST huko chini kunaweza kuwa kudogo sana. Lakini upande wa pili, katika aVL, ST hushuka au T hupinduka. Msaliti ni huyo wa upande wa pili.

5. Mchoro wa Wellens. Mwaka 1982 Hein Wellens na wenzake huko Uholanzi walieleza T zilizopinduka, au zilizopanda kisha zikashuka, katika V2 na V3, kwa mtu ambaye maumivu yameisha. Huyu ndiye anayerudishwa nyumbani akitabasamu. Mshipa ulifunguka wenyewe na unaweza kufunga tena wakati wowote.

Mwaka 2022 chuo cha madaktari wa moyo cha Marekani kilichapisha mwongozo unaotaja ukuta wa nyuma, mchoro wa de Winter na T za mapema kuwa ni vya kushughulikiwa kama STEMI. Kwa hivyo si siri na si ubishi wa vijana wa mtandaoni.

Na msiniambie huu ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri wa Nairobi. Utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuata wagonjwa 681 waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au shida ya kupumua. Watafiti walipowapima wenyewe walikuta 152 wana mshtuko wa moyo. Zaidi ya mmoja katika kila watano! Hakuna hata mmoja aliyepata tiba ya kufungua mshipa, na ndani ya siku 30 zaidi ya asilimia 40 walikuwa wamefariki. Kwetu Kenya, rejista ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta iliyochapishwa mwaka 2018 ilikuwa na wagonjwa 196. Asilimia 17 walifia wodini. Hao ni waliofika Kenyatta. Wale wa Nyacheki, waliorudishwa nyumbani na tembe za asidi, hawamo kwenye rejista yoyote. Huzikwa, na kwenye matanga tunaambiana "alianguka tu ghafla".

Sasa nijibu hoja za upande wa pili, maana zipo na zingine zina uzito.

Hoja ya kwanza: "Mashine ikianza kushuku kila T nene, kila mtu atapelekwa Nairobi." Ni kweli kwamba king'ora kinacholia kila saa husahauliwa. Lakini kuna ushahidi kwamba mtu anaweza kuona zaidi bila kupiga kelele ovyo. Kampuni ya Slovakia iitwayo Powerful Medical ilifunza programu, inayojulikana kama Queen of Hearts, kwa maelfu ya ECG zilizopewa alama kulingana na kama mshipa ulikutwa umeziba. Katika utafiti wao ilishika takriban asilimia 80 ya mishipa iliyoziba, pale ambapo kigezo cha STEMI kilishika asilimia 32. Kengele za uongo ziliongezeka kidogo tu, kutoka asilimia 2 hivi hadi 6. Ni utafiti wenye mkono wa kampuni yenyewe, kwa hivyo pokea kwa tahadhari, na bado mmoja katika watano hupita bila kuonekana. Lakini angalia walichobadilisha: swali walilolifundishia.

Hoja ya pili: "Vyumba vya kufungulia mishipa vingi viko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kisii. Kujua kutasaidia nini?" Hii hunichoma kuliko zote, kwa sababu inasema maskini hana haja ya kujua kinachomuua. Jaribio la ISIS-2 la mwaka 1988, lenye wagonjwa zaidi ya 17,000, lilionyesha kwamba aspirini peke yake hupunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano. Aspirini! Inauzwa hadi sokoni Nyacheki. Daktari akijua, atampa isipokuwa kuna sababu ya kutompa kama vile mzio au kutokwa damu. Ataamua kama dawa ya kuyeyusha damu inafaa, atampigia simu mwenzake mapema, na atamweka mgonjwa karibu na kifaa cha kushtulia moyo badala ya kumweka kwenye kiti cha nyuma cha Probox. Ami hakupata hata moja kati ya hayo, na sababu haikuwa umbali. Sababu ilikuwa neno moja.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: "Huko mashinani hakuna bingwa wa moyo. Bila mstari wa mashine, mhudumu atasoma nini?" Nakubali nusu. Mhudumu yule simlaumu. Ana foleni ya watu hamsini na hakuna aliyemfundisha T nene. Alifanya tunachofanya sote, aliiamini tarakilishi. Lakini ndiyo maana hilo neno ni hatari zaidi Nyacheki kuliko London. London kuna mtu wa kulipinga. Kwenye karatasi ya ami, chini kabisa, kwa herufi ambazo ilibidi nikuze picha kuziona, imeandikwa kwamba ripoti haijathibitishwa na daktari. Tazama mpangilio huo: "kawaida" kwa herufi kubwa juu, "usiniamini" kwa herufi ndogo chini. Mimi ningeandika ukurasa wa benki namna hiyo ningefukuzwa kazi.

Ninachodai ni kidogo mno.

Kwa waandishi wa programu za mashine hizi: ondoeni neno "kawaida" kwa mtu mwenye maumivu ya kifua. Andikeni kile mlichopima kweli. "Kigezo cha STEMI hakikufikiwa. Mshipa ulioziba haujaondolewa shaka. Maumivu yakiendelea, rudia baada ya dakika 15." Ni mistari mitatu ya maandishi. Hakuna kanuni mpya wala akili bandia.

Kwa wanaonunua mashine: mwaka 2015 serikali ilianza kukodisha mitambo kwa hospitali za kaunti, na tukabishana miaka kuhusu bei. Sikumbuki mjadala hata mmoja kuhusu programu zilizomo ndani. Ulizeni: ilijaribiwa kwa nani? Jibu lake lilihakikiwa kwa mishipa halisi, au kwa milimita tena?

Kwa wahudumu: ECG moja ni picha ya sekunde kumi. Mshipa huziba na kufunguka. Rudieni mara ya pili na ya tatu mgonjwa akiwa bado anaumwa, wekeni karatasi zote pamoja mlinganishe, na pigeni picha mumtumie mwenye macho. Mtandao upo, rafiki yangu alijibu kwa dakika mbili. Angejibu hata siku ile.

Na wewe msomaji, mzazi wako akibanwa na kifua akaambiwa "mashine imesema kawaida", usigombane na mtu. Omba mambo mawili tu: "Tafadhali rudieni kipimo baada ya robo saa," na "Naomba nakala." Ukikosa yote mawili, tafuta hospitali nyingine siku hiyohiyo.

Ami ananiuliza kila jioni kama ile mashine ilidanganya. Namwambia haikudanganya, iliulizwa kama ST imefika milimita mbili na ikajibu hapana. Yeye hunitazama, kisha husema: "Lakini mimi nilikuwa nimeenda kuuliza kifua."

Maoni yako wazi hapo chini. Madaktari na wahudumu wa afya, nikikosea mahali nisahihisheni, nitarekebisha na kuandika kwamba nimerekebisha. Makala ya hifadhidata inakuja, Mungu akipenda.